Utalii wa Chini kwa Chini

Mgeni wetu wa likizo, tukila samaki kando ya ziwa la Nzilo, alitusimulia mapango ya Amboni, Tanga: kiingilio, mwongozaji, popo, picha. "Nimetambaa chini ya ardhi!" Hongera, kaka. Hapa Kolwezi, mtaani Kasulo, kobalti, madini ya betri, ilipoonekana mwaka 2014 watu walichimba mashimo hadi ndani ya nyumba zao. Kijana anashuka kwa kamba, miguu peku, tochi amejifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli. Kiingilio hakuna. Popo nao hakuna. Wana akili zao.

Mgeni akataka kupiga picha, simu ikazima: betri imeisha.

"Subiri kidogo," nikamwambia, "vijana bado hawajapanda."