Nyonga mpya, kigoda kilekile

Kwanza, jua njia. Daktari bingwa wa mifupa anaweza kuifikia nyonga yako kwa nyuma, kupitia takoni: anaona vizuri, ila ukiinama vibaya kichwa cha nyonga bandia huweza kuchomoka. Anaweza kupita ubavuni: kuchomoka si rahisi, kuchechemea kupo. Au mbele: misuli hutenganishwa badala ya kukatwa, wiki za mwanzo unatembea upesi, lakini paja linaweza kufa ganzi. Ikipita miezi kadhaa, tofauti za kutembea huwa ndogo. Ukishayaelewa haya, nyamaza. Kwenye raundi utaulizwa, "Unaendeleaje?" Jibu ni "Namshukuru Mungu." Angalizo: utapasuliwa kwa njia ambayo mkono wa daktari umeizoea, na hiyo ndiyo salama yako.

Pili, fuata ngazi za rufaa. Ukitoka Butiama, pitia hospitali ya rufaa ya mkoa, Kwangwa, Musoma, ndipo uelekezwe Bugando, Mwanza, au taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Ukitoka Bunda utafaidi zaidi: Mwanza iko kusini, barua iko kaskazini. Nenda Musoma, uchukue barua, upite tena Bunda. Wapungie mkono watu wa nyumbani. Angalizo: kwenye basi, kaa upande wao.

Sasa umerudi nyumbani. Ukipasuliwa kwa nyuma, masharti ni haya: goti lisipande juu ya nyonga, usipishanishe miguu, kidole gumba kisitazame ndani. Wiki sita au zaidi. John Charnley, aliyeleta nyonga bandia ya kisasa Uingereza mwaka 1962, hakula ugali na dagaa akiwa kwenye kigoda. Wewe inua kitanda kwa matofali. Toboa kiti cha plastiki katikati, kiweke juu ya tundu la choo. Bodaboda, hapana, hata dereva akikwambia "twende polepole, mzee."

Kiti kirefu kiko kimoja, na ni cha mgeni. Mjomba akiingia, sema, "Shikamoo mjomba, daktari amenikataza kukaa chini." Ataitika, "Marahaba," kisha atabaki wima, akikitazama kiti. Usimtazame. Hesabu mabati ya paa. Mkeo atakohoa. Utampisha.

Akishakaa ataeleza kwamba mganga wa mifupa wa kijijini kwao angemaliza kazi hiyo bila kisu, halafu atataka kukuona ukitembea bila magongo. Angalizo: utatembea.