Kasala ya Mwenye Spana

Waluba wana kasala, utenzi wa kumsifu mtu kwa majina yake, ukoo wake na matendo yake. Machifu wametungiwa, na mashujaa pia. Ila sijasikia hata moja iliyotungiwa mtu anayelala chali chini ya Corolla yake Jumamosi asubuhi hapa Likasi, kadibodi mgongoni, simu yenye tochi mdomoni, akiwa ameapa mbele ya watoto kwamba kabla ya saa sita kazi itakuwa imekwisha. Deni hilo la umma nitalilipa mimi.

Kasala huanza na ukoo, na huyu ukoo anao. Mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, kampuni ya migodi ya Union Minière ilifundisha vijana kuchomea, kukereza na kufungua mashine. Gécamines ikawarithi, na viwanda vya Shituru vikawakomaza. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka, shaba ikaporomoka nyuma yake, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 wakaaga kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kupewa jina tamu la kuondoka kwa hiari. Mafundi walirudi nyumbani na mikono iliyozoea mitambo ya tani nyingi, wakaikuta motokari ya jirani imelala. Mzee wa namna hiyo huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza kimya, kisha akataja beringi inayokufa. Lakini si yeye ninayemsifu, maana yeye anajua. Namsifu mkwewe aliyemshikia taa siku moja, na tangu hapo hajaona tena sababu ya kwenda garaji.

Gari la mkwe huyo limetoka Japani, likashuka Dar es Salaam, likapita Tunduma na kuikata Zambia hadi Kasumbalesa. Njia yote hiyo lilishika kushoto. Lilipoingia kwetu, ambako tunashika kulia, usukani ukajikuta upande wa mtaro. Kinshasa iliwahi kuyapiga marufuku magari ya namna hiyo. Katanga ikasikiliza kwa heshima, ikaendelea kuyaendesha. Mtu wetu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha usukani ulipo na kumkalisha shemeji kushoto. Kwenye barabara ya Lubumbashi, nyuma ya lori refu la migodini, shemeji hunyoosha shingo na kutoa hukumu: pita, au ngoja. Ni ndoa ngapi zenye imani ya kiasi hicho? Njia ya pili ni kuuhamisha usukani hapo hapo uani. Dashibodi hukatwa, pedali huvushwa, nyaya huungwa. Kazi ikiisha, gari ni raia kamili, isipokuwa waipa, ambazo zinaendelea kumfutia mvua dereva aliyekwisha kuhama, na taa za mbele, ambazo hata zikiinamishwa huelekea kushoto, machoni mwa anayekuja. Wenye midomo huita hiyo hatari. Mimi naiita salamu.

Tuje kwenye fyuzi. Kiwandani waliweka kijiwaya dhaifu kinachoyeyuka umeme ukizidi kipimo, tuseme ampea 15. Tabia gani hiyo? Taabu ya kwanza tu inakufa, na honi inakufa nayo. Shujaa wetu huing'oa, akaweka kipande cha waya wa shaba. Tuko Likasi, shaba tukiikosa hapa tutaipata wapi? Waya huo hauyeyuki ng'o. Kitakachoyeyuka ni nyaya nyingine zote, zulia la sakafuni na kiti cha dereva, lakini ule waya, waungwana, utakutwa mzima katikati ya majivu, na mwenyewe ataweza kuwaonyesha majirani kwamba kosa halikuwa lake.

Rejeta nayo ina falsafa yake. Kifuniko chake cha asili hubana mvuke, maji yakavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Kikipotea, huwekwa kitambaa na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yasiyobanwa huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo gari la Likasi huchemka kabla ya gari la Dar es Salaam, na si mambo mengi ambayo tumewatangulia watu wa pwani. Dawa, kwa mujibu wa kila mpita njia, ni kuitupa termostati. Nayo hutupwa. Tangu siku hiyo injini haipati joto lake la kazi, hasa asubuhi za Juni na baridi yake, nayo hunywa petroli kupita zamani. Mwenye gari hupata hivyo nafasi ya kusalimiana mara kwa mara na akina Kadhafi, wauza petroli wenye madumu yao kando ya njia, na urafiki si kitu cha kupimwa kwa lita.

Nisije nikaonekana nafanya mzaha tu: tangi likivuja, sabuni ya mche ikisuguliwa penye ufa huziba kwa muda, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Oili chafu hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa, na katika Katanga, nchi ya vichuguu virefu kuliko nyumba, hilo si dogo. Gari linaweza lisitembee mwaka mzima, na uzio ukasimama imara.

Tena, ni gari gani jipya limewahi kukusanya watu? La uani likikataa kuwaka, mtaa mzima hutoka kulisukuma. Wajuzi wanafahamu kwamba lenye gia otomatiki haliwaki hata likisukumwa mpaka Kambove. Hakuna anayelisema, kwa sababu chupa za bia ya Simba zimeshaahidiwa.

Mama wa nyumbani ana hoja yake. Huuliza, bukari likipoa mezani, fedha za vipuri zingetosha garaji ngapi. Ni hoja nzito, na hujibiwa kwa kugonga chuma kwa nguvu zaidi. Lakini Mama afikirie mirathi. Kwa nyumba na shamba, ndugu wamepelekana mahakamani hadi wakazeeka. Kwa gari lililo juu ya matofali sijasikia kesi: kila mtoto humwomba mwenzake kwa upole alichukue yeye.

Imebaki hoja ya wasomi, kwamba dunia inahamia magari ya umeme na zama za spana zimekwisha. Wasomi hao waangalie malori yanayopita hapa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, nyingi ikitoka Katanga hii hii, na huishia kwenye betri za magari ambayo hatuyaoni. Sisi tunaipa dunia magari yake mapya. Dunia inatupa yale iliyoyachoka. Basi na hayo ya umeme yatazeeka. Yatauzwa rahisi, yatashuka Dar es Salaam, yatavuka Kasumbalesa na usukani wao upande wa mtaro, na kobalti ya Kambove itarudi nyumbani ndani ya gari lisilowaka. Betri zake zina mamia ya volti. Siku hiyo atahitajika mtu asiyeogopa kitu, na nina furaha kuwajulisha kwamba yupo, yuko uani kwake, na waya wa shaba ameshaukata.