Si Tumeshafungua?

Nilikwenda gereji kubadilisha oili. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu kufikia saa kumi jioni hata mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kilichonipeleka.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2024, mjini Kitale, mvua ikinyesha ile ya huku kwetu isiyo na haraka. Kikaratasi kinachoning'inia kando ya usukani kilikuwa kimedai servisi tangu kilomita 1,300 zilizopita, lakini kikaratasi hakijui mwalimu hulipwa lini. Gari lenyewe ni Probox nyeupe. Anayeishi Kenya hahitaji maelezo zaidi. Kwa mgeni nitasema tu kwamba Toyota waliitoa mwaka 2002 wakidhani wanawatengenezea wafanyabiashara wa Japani gari la kusambazia bidhaa, kumbe wanatutengenezea sisi wa Magharibi lori, matatu, ambulensi na gari la maharusi, vyote kwa bei moja.

Mfukoni nilikuwa na shilingi 6,500: galoni ya oili, filta na ufundi. Hesabu ya oili ina dosari yake ndogo ambayo wenye magari madogo wanaijua. Galoni ni lita 4. Injini yangu hunywa lita 3.7. Kinachobaki huwa sikioni tena. Fundi ana chupa ya maji iliyokatwa shingo, na kila mteja huacha humo sadaka yake. Nimewahi kupiga hesabu: baada ya wateja 13 kama mimi, huyu bwana ana servisi ya bure.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaja mlio.

"Halafu Fundi, kuna kitu kinalia huku mbele nikipita kwenye matuta."

"Kinalia vipi?"

Nikatafuta neno. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka shufwa, na vijana wanaotahiriwa huzunguka vijijini kualika jamaa wakigonga chinyimba, zile kengele za chuma, kwenye bangili za mikononi. Kling, kling, kling. "Kinalia chinyimba," nikamwambia. Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari aliyetajiwa dalili aliyokuwa akiiogopa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Usiku uliotangulia nilisoma mtandaoni kwamba gari likifikisha kilomita laki moja na zaidi bila kubadilishwa mkanda wa taimingi, mkanda hukatika, pistoni zikagonga vali, na injini ikageuka chuma chakavu. Sikulala vizuri. Sasa, nikitaka Fundi ajue kwamba hapa hajapata mjinga, nikatia mikono mfukoni nikasema, "Na mkanda wa taimingi nao tuuangalie."

Kimya. Kijana aliyekuwa amelala chini ya pikapu ya jirani akajisukuma nje kwa mgongo ili anione uso.

"Mwalimu," Fundi akasema kwa upole ulioniumiza, "hii injini haina mkanda wa taimingi. Hii ni cheni."

Alisema kweli. Injini ya 1NZ ina cheni, nayo hukaa ndani mwake miaka na miaka bila kudai kitu, mradi uipe oili safi. Lakini tangu dakika ile nilipoteza haki ya kupinga lolote. Mtu aliyeomba kubadilishiwa kitu ambacho gari lake halina, atakataa vipi kile ambacho linacho?

Tairi la mbele likatolewa. Fundi akaingiza bisibisi kwenye bushi ya mkono wa chini, akaibinua kidogo, akaweka kidole cheusi karibu na kitu cheusi kilichokaa ndani ya kitu kingine cheusi. "Unaona?"

Nikainama. Niliona weusi wa aina tatu.

"Naona," nikasema.

Ukiniuliza leo ni neno gani la Kiswahili lililonigharimu zaidi maishani, sitataja "nakupenda" wala "nitakurudishia". Ni "naona". Niliiona bushi, nikaziona linki za stebilaiza, nikaziona plagi nne, ambazo kusema kweli ndizo pekee nilizoziona kweli, kwa kuwa aliniwekea kiganjani. Kila nilipofumbua mdomo kuuliza kama kitu hiki hakiwezi kungoja hadi mwisho wa mwezi, jibu lilikuwa moja.

"Mwalimu, si tumeshafungua?"

Nisimwonee. Hoja hiyo ina akili ndani yake. Kama umeshusha giaboksi ili uweke klachi, ni upumbavu kurudisha beringi ya zamani ya shilingi chache halafu miezi mitatu baadaye ulipe ufundi wote upya kwa ajili yake. Ufundi ndio ghali, na ukishaulipia, unabadilisha vyote vilivyo njiani. Hilo nalikubali na ningelitungia swali la mtihani. Lakini mkanda wa feni hauhitaji kushushwa giaboksi. Unahitaji boneti lifunguliwe, na boneti mimi hulifungua kila nikiongeza maji ya waipa.

"Huu hauna wiki mbili," Fundi akasema akiupinda mkanda ili mipasuko midogo ionekane. "Utakuachia njiani."

Nikaona.

Dukani nilikuta mtihani mwingine. Kijana wa spea aliniuliza kama nataka jenuini, orijino, eks-Japani au ya kawaida. Nimefundisha Kiswahili miaka 19. Jenuini ni halisi. Orijino ni asilia. Nikasimama pale kwenye kaunta nikijaribu kutofautisha kitu halisi na kitu asilia, na mwanafunzi wangu yeyote angeniambia hivyo ni visawe. Kijana hakuwa na tatizo hilo. Kwake tofauti ilikuwa shilingi 1,800 kwa kila kimoja. Nikachukua ya kawaida, ambayo ilikuwa imefungwa kwenye boksi zuri kuliko zote.

Niliporudi, nikakuta themostati imeshatolewa. Sikuwa nimeulizwa, ila na yenyewe ilikuwa njiani. "Hii ni ya nchi za baridi," Fundi akanieleza huku akipuliza mvuke mikononi ili vidole vipate joto. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi nilikuwa na sweta mbili.

Jumla ikawa shilingi 27,850. Nilimaliza za mfukoni, nikamaliza za M-Pesa, nikamalizia na za chama, ambacho mhazini wake ndiye mke wangu. Kitu kimoja tu nilikishikilia kwa ukali: nipewe spea zangu za zamani, zote. Marehemu baba alikuwa akisema hivyo, ingawa yeye hakuwahi kumiliki zaidi ya baiskeli. Wakanitilia kwenye gunia la mbolea, nikaliweka kwenye buti. Mke wangu alipoliona aliliinua upande mmoja, akaliachia.

"Baba watoto, tunazizika wapi?"

Mlio ulikuwepo vilevile.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari isiyoweza kuahirishwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatahiriwa, na mimi ndimi khocha, mjomba. Kwa Wabukusu khocha si mgeni wa kuketi na kusifu chakula. Siku moja kabla ya kisu, mtahiriwa hukimbia na kundi lake hadi nyumbani kwa wajomba, khocha anachinja ng'ombe, na kipande cha nyama ya kifua, luliki, anamvika shingoni, kisha anamrudisha kwao akiwa na wosia. Nyumbani kwetu ni upande wa Bumula, ng'ambo ya mji wa Bungoma. Nilitoka Kitale saa nne asubuhi nikiwa na muda wa kutosha na gunia langu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, chinyimba zikilia mbele na gunia likiitikia nyuma.

Webuye nikasikia harufu.

Mtu wa rika langu hashtuki akisikia harufu Webuye. Tulikua tukipita hapo tumeziba pua kwa sababu ya kiwanda cha karatasi. Watoto ndani ya matatu walikuwa wakilaumiana. Nikapandisha kioo, nikatabasamu kwa kumbukumbu za utotoni, nikaendelea. Kilomita kadhaa mbele taa nyekundu ya betri ikawaka. Halafu ya joto. Halafu kitu kikapiga boneti kutoka ndani, pa! Utoto wangu ukaishia hapo.

Mkanda mpya, ule wa boksi zuri, ulikuwa nyuzi. Kwenye injini hii mkanda huo huo mmoja ndio unaozungusha jenereta na pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika huna chaji na huna maji yanayozunguka. Ulikuwa umemaliza siku kumi na nne kamili. Fundi alikosea mkanda tu. Wiki mbili zenyewe alizipatia.

Simu ikalia. Mdogo wangu.

"Kaka, uko wapi? Kijana ameshafika."

Nyuma ya sauti yake nikazisikia. Kling, kling, kling. Kwa sekunde moja nilidhani ni gari.

"Nakuja. Ningojeni."

"Tutakungoja vipi? Ng'ombe tumeshamfungua."

Sikuwa na la kumjibu. Hoja hiyo naijua.

Niliingia Kanduyi nikiwa nimefungwa kwa kamba nyuma ya trekta la miwa. Sikushauri. Watoto wa kando ya barabara hiyo wana mazoea ya kukimbiza trela na kuchomoa miwa, na walipoona trela linafuatwa na Probox yenye mtu aliyevaa suti, walichomoa kwa furaha zaidi na wakanipungia mkono. Mmoja alinirushia kipande kupitia dirishani. Nilikitafuna. Ilikuwa saa nane na sikuwa nimekula.

Chini ya mwembe, karibu na njia panda, nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya tairi akisoma gazeti la juzi.

"Mulembe, Papa."

"Mulembe. Mwanangu, huyo trekta alikuwa anakuvuta au ulikuwa unamsukuma?"

Akafungua boneti. Hakusema tumefungua. Akatazama zile nyuzi, akazinusa, akauliza ule mkanda wa zamani niliutupa wapi. Nikaenda kwenye buti, nikaburuta gunia na kulimwaga mbele yake, na nakiri nilijisikia kama mtu aliyeleta mahari. Mzee akauokota mkanda, akaupitisha kati ya vidole polepole kama anayehesabu tasbihi, akausugua kwa kitambaa. "Huu umekuja nao kutoka Japani," akasema. "Una mipasuko, ndiyo. Hata mimi ninayo." Akaufunga.

Halafu akaiona themostati. Akaiokota, akaenda moja kwa moja kwa mama wa chai jirani na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mama akapiga kelele. Mzee akanyoosha kidole amtulize, na sote watatu tukainama juu ya mvuke. Mwanzoni haikufanya kitu. Kisha kile kisahani cha shaba kikaanza kuinuka, taratibu, kama kifaranga anayefungua mdomo. "Iko hai," akasema. Themostati hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia ili injini ipate joto lake haraka. Bila hiyo nilikuwa nimeendesha injini baridi wiki mbili nzima, nikiishangaa petroli inakwenda wapi. Akairudisha. Mama wa chai alidai shilingi 50 za maji, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyethubutu kumpinga.

"Na ule mlio, Papa," nikasema kwa woga. Nilikuwa nimeapa kutoutaja tena.

Mzee akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya gari na kugonga kitu. Kling. Ilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi. Nati yake moja ilikuwa imeliwa na kutu. Akalifunga kwa waya aliouchomoa kwenye uzio nyuma yake. Nilimwuliza kama tusibadilishe na nati zile nyingine, kwa kuwa tulikuwa tayari huko chini. Nilijisikia nikiyatamka. Akanitazama kwa muda.

"Zimekukosea nini?"

Shilingi 800, chai ndani yake.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Luliki ilishavikwa, na mdogo wangu, ambaye hajawahi hata kusimamia kikao cha darasa, ndiye aliyetoa wosia wa ukoo. Niliwekewa matumbo. Dada yangu hakunisemesha hadi Krismasi. Mpwa wangu alisimama imara asubuhi iliyofuata na sasa ananisalimia kwa sauti nzito kuliko yangu.

Gerejini Kitale nimerudi mara kadhaa tangu siku hiyo, kwa fundi yule yule, kwa sababu ndiye aliye karibu na shule. Hubadilisha oili, na mimi huliegemea boneti mpaka amalize. Ule mkanda usio na wiki mbili bado unazunguka. Kikaratasi kinasema zimebaki kilomita 200.