Mgeni wa Uvunguni

Paka mpya akiletwa nyumbani, mwenye nyumba hujiona bwana. Keshanunua kigodoro, keshambatiza Simba, keshamwanika kwenye statasi ya WhatsApp. Simba mwenyewe yuko uvunguni, yanang'aa macho tu, na hatoki ng'o.

Basi huletewa kisahani cha maziwa, tena ya sukari! Ulimi wa paka hauonji utamu, na paka wengi wakubwa hawamudu maziwa ya ng'ombe, tumbo huwachafuka. Ushahidi huonekana alfajiri, juu ya zulia la sebuleni.

Angepewa dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, maji safi na boksi la mchanga, kisha aachwe. Akimtazama mtu huku akifumba macho polepole, ameanza kumkubali. Ila chanjo ya kichaa cha mbwa haingoji ridhaa yake: apelekwe kwa daktari wa mifugo.