Jinsi ya Kuiona Nicosia Yote

Kwanza, liache taulo la kuogelea hotelini. Nicosia, mji mkuu wa Cyprus, uko ndani ya kisiwa, mbali na pwani. Ukiuliza bahari iko wapi, wenyeji watajua hukuitazama ramani.

Kisha uzunguke ukuta. Waveneti walianza kuujenga mwaka 1567 kwa pupa ya mtu aliyesikia mwizi uani: makanisa na majumba yaliyobaki nje waliyabomoa, mji wakaubana ndani ya duara lenye ngome 11 na malango 3. Mwaka 1570 Waosmani wakauteka. Usiudharau ukuta kwa hilo. Bado umesimama, na handaki lake sasa lina bustani, viwanja vya michezo na maegesho ya magari.

Pasipoti iweke mfuko wa mbele, maana hapa utaombwa hata ukienda kunywa kahawa. Desemba 1963 jemadari Mwingereza alipiga mstari wa penseli ya kijani kwenye ramani ya mji ili kuwatenganisha Wagiriki na Waturuki wa Cyprus waliokuwa wakipigana. Baada ya vita vya 1974 mstari huo ukawa mpaka wenye askari, na hadi leo Umoja wa Mataifa unaulinda. Fuata mtaa wa Ledra, pita maduka, hadi vibanda vya polisi. Kivuko hicho kilifunguliwa Aprili 2008. Onyesha pasipoti, tembea hatua chache, onyesha tena. Kamera itie mkobani: kupiga picha vituo vya askari ni marufuku.

Wapo wageni wanaoishia kwenye kizuizi, kisha wanasimulia kwao kwamba Nicosia wameimaliza. Usiwafuate. Ng'ambo, upande wa kaskazini, kuna Büyük Han, nyumba ya wasafiri ya mwaka 1572, na msikiti wa Selimiye, uliokuwa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia. Uangalie vizuri: mwili wa kanisa la Kigothi, minara miwili juu yake, na ndani safu za kuswalia zimekaa mshazari, kwa kuwa jengo lilielekezwa mashariki nayo kibla iko kusini.

Nawe msomaji wa Nairobi, ukirudi upande wa kusini pita kwenye jumba la Askofu Mkuu. Askofu Mkuu Makarios III, rais wa kwanza wa Cyprus, ndiye ambaye seminari ya Waorthodoksi ya Riruta inaitwa kwa jina lake.

Beba euro za kusini na lira za kaskazini, tenga siku nzima, wala usikubali kulipa nauli nzima ukaona nusu ya mji.