Namna ya Kuifunza Redio ya Mjapani Kuimba Kisukuma

Kabla ya yote, thibitisha kwamba mwongozo huu unakuhusu. Gari lako liwe limezaliwa Japani, likatumiwa huko na bwana mmoja mpole ambaye hata karanga hakuwahi kutafuna ndani yake, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, kisha likapandishwa hadi wilayani Kishapu, ambako sasa ni mchomoko wa abiria asubuhi, gari la magunia mchana na gari la maharusi Jumamosi. Liwe Probox, Corolla 110, Noah ya zamani au ndugu yao yeyote. Redio iwe ile ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Kama umeshaing'oa na kuweka skrini ya Kichina inayosoma fulashi na kuonyesha video za ngoma, wewe umeshavuka. Geuza ukurasa, utuache sisi tunaohangaika.

Lengo letu ni dogo: nyimbo zilizomo kwenye simu au fulashi zitoke kwenye spika za gari. Nyumbani jambo hili linafanywa na mtoto wa darasa la pili kwa sabufa iliyonunuliwa mnadani. Garini linahitaji subira, nyaya, na uwezo wa kusikia ushauri wa abiria wanne bila kujibu.

Hatua ya kwanza ni kuwasha gari na kumsikiliza dada. Ukizungusha tu ufunguo, anatokea ndani ya dashibodi na kusema maneno yake machache ya Kijapani, kwa adabu ambayo hatujaizoea kwenye vyombo vya usafiri. Wapo madereva wanaoapa kwamba anawakaribisha abiria. Hawakaribishi. Analalamika kwamba hujachomeka kadi ya ETC, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini, mfumo ulioanza kutumika kule mwaka 2001. Ataidai kadi hiyo Maganzo, ataidai Kolandoto, ataidai Mhunze mbele ya ofisi za wilaya, na hatachoka.

"Mwanangu, huyo dada anasemaje?" atauliza mama aliyekaa kiti cha mbele na kuku wake.

"Anadai kadi, mayu."

"Si umpe, tuondoke?"

Usimpe. Endelea na hatua ya pili, ambayo ni kuifahamu redio yenyewe. Bonyeza kitufe cha FM, uanze kupandisha namba. Itaanzia 76, itapanda vizuri mpaka karibu na 90, kisha itarudi 76 bila kuomba radhi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema redio imekufa. Haijafa. Japani waliipangia redio ya FM eneo la kati ya 76 na 90, na hapo juu, kuanzia 90 hadi 108, wakaiweka televisheni yao ya analojia mpaka walipoizima mwaka 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko, iliyosubiri hadi Machi 2012. Sisi huku redio zetu zinaanzia 87.5 na kwenda hadi 108. Kwa hiyo redio ya gari lako ni mwanafunzi aliyefaulu vizuri kabisa mtaala wa nchi nyingine. Vituo vingi vya kwetu vinatangaza kwenye masafa ambayo haikufundishwa kwamba yapo.

Kumbuka namba hizo, 87.5 na 90. Tutazirudia, maana humo katikati ndimo ulimo wokovu wako wote.

Sasa kagua matundu. Magari mengine ya miaka ile yana mlango mwembamba ulioandikwa MD. Ni kwa ajili ya MiniDisc, visahani ambavyo Sony ilivizindua mwaka 1992, Wajapani wakavipenda sana, na Kishapu havikuwahi kufika hata kimoja. Tundu hilo kwetu lina kazi ya kumeza sarafu za watoto na risiti za mafuta. Usihangaike nalo.

Kama kuna tundu la kaseti, una bahati kuliko unavyodhani. Inapatikana kaseti ya bandia yenye waya mkiani: kaseti inaingia redioni, waya unaingia kwenye simu, na ndani ya kaseti kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokabiliana na kichwa cha redio na kuisimulia nyimbo kana kwamba utepe unapita. Hakuna masafa ya kutafuta, na sauti inatoka safi. Tatizo ni redio zinazojigeuza zenyewe kutoka upande A kwenda B. Zikihisi kwamba magurudumu ya kaseti hayazunguki inavyotakiwa, zinaamini utepe umeisha, zinageuza. Zinaona tena umeisha, zinageuza tena. Kutoka Mhunze hadi Shinyanga mjini utasikia ka-cha, ka-cha, na katikati yake kipande cha kwaya. Tatizo la pili ni vumbi letu, ambalo halijali kwamba umefunga vioo. Pamba kidogo yenye spiriti kwenye kile kichwa husaidia sana, na wilaya hii tunaweza kukosa vingine vyote ila si pamba.

Wenye skrini ya Kijapani tafuteni kitufe kilichoandikwa VTR. Hicho kiliwekwa ili familia ichomeke mashine ya video, na penye kitufe hicho mara nyingi kuna njia ya waya tatu, nyekundu na nyeupe za sauti, ya njano ya picha. Waya wa bei ya chai wenye ncha ya simu upande mmoja na ncha nyekundu na nyeupe upande wa pili unamaliza kazi. Na kama gari lina tundu dogo la duara lililoandikwa AUX, basi ulikuwa unasoma yote haya kwa starehe tu.

Tuliobaki, ambao hatuna kaseti, hatuna VTR wala AUX, tunakwenda kwenye kile kidude cha FM kinachochomekwa penye tundu la kuwashia sigara. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, na bei yake inategemea ulivyovaa. Kazi yake ni moja: kinasoma fulashi, au kinapokea nyimbo za simu kwa Bluetooth, kisha kinazirusha hewani kama kituo kidogo sana cha redio chenye nguvu ya kufika mita chache. Hongera. Sasa unamiliki kituo cha utangazaji, na eneo lako la usikivu ni viti vitano.

Hapa ndipo mafundi wa njiani wanapopotea. Wanakitegesha kidude kwenye 98 au 104 kwa sababu hewa ni tupu, halafu wanashangaa redio imenyamaza. Redio inaishia 90, bwana. Kidude chenyewe hakishuki chini ya 87.5. Mnakutana kwenye upenyo wa kuanzia 87.5 hadi 89.9, yaani hatua 25 za kubonyeza, na humo humo kuna vituo halisi vyenye minara mirefu ambavyo havikukuachia nafasi kwa makusudi. Tafuta kwanza kwa redio pale panapotoa mchakacho mtupu, ndipo ukitegeshe kidude hapo. Uvumilivu upo. Wilaya hii ndiyo iliyotoa almasi ya waridi ya karati 54.5 pale Mwadui mwaka 1947, ile ambayo Dk. John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, na hadi leo Maganzo wapo wanaochekecha mchanga kutwa nzima wakitafuta punje. Mtu wa kwenu hashindwi na hatua 25.

Ukishapata, teremsha antena ya gari. Watu wanaona ni ujinga, lakini kituo cha mbali kinaingia kwa antena, na kidude chako kiko shubiri mbili kutoka redioni. FM ina tabia ya kumsikiliza mwenye nguvu zaidi na kumfuta kabisa wa pili. Ukimpunguzia nguvu wa mbali, wako anashinda. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayoleta aibu stendi, michomoko miwili ikiegeshwa ubavu kwa ubavu na yote imetegeshwa 87.5, namba ambayo vidude vingi hutoka nayo dukani. Umewawekea abiria mahubiri, ghafla wanaletewa singeli ya jirani. Usimlaumu jirani. Badilisha namba, au subiri ajaze aondoke.

Kuhusu fulashi: vidude vya bei nafuu husoma zile zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32, na fulashi kubwa ya GB 64 mara nyingi huja na mpangilio mwingine, ndiyo maana inaonekana tupu wakati kijana wa kompyuta amekula hela yako kwa nyimbo mia tano. Mwambie aipange upya, na nyimbo ziwe MP3. Vingi pia hupiga nyimbo kwa utaratibu zilivyonakiliwa, na havikumbuki viliishia wapi. Kila ukizima gari kushusha mzigo, unaanza upya na wimbo namba moja. Chagua wimbo namba moja kwa makini, kwa sababu ndio utakaokutambulisha kwa wananchi. Ukiweka wimbo wa msiba, utaitwa hivyo hadi uuze gari.

Kuna pia mluzi. Umechomeka simu kwenye AUX na wakati huo huo unaichaji kwenye tundu la sigara, inaanza sauti ya wiiii inayopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Fundi mmoja atasema ni spika, wa pili atasema ni mkanda wa feni. Ni umeme wa alteneta unaopita njia mbili za kurudi kwenye bodi na kujipenyeza kwenye muziki. Chomoa chaja. Mluzi ukikoma, umeokoa hela ya mafundi wote wawili. Kuna kifaa kidogo cha kukaa katikati ya waya kinachokata njia hiyo, ila simu iliyochajiwa nyumbani ni bei nafuu zaidi.

Wenye Fuso za kubeba pamba, neno moja tu: gari lenu ni volti 24. Soma maandishi madogo ubavuni mwa kidude kabla ya kuchomeka. Kisichoandikwa 24 kitaimba mara moja, tena kwa moshi.

Sasa fundi. Fundi hatakubali ufumbuzi wa elfu chache. Atapendekeza kukufungia kigeuza masafa, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kushusha namba za vituo ili redio ya Kijapani ivione. Kwa vituo vya nje ni dawa halisi: kikishusha kwa 18, kituo cha 98 unakikuta 80. Ila asichokwambia ni kwamba namba za kidude chako nazo zinaweza kuhama kwa kiasi hicho hicho. Kile ulichokizoea kwenye 88 kinatupwa 70, mahali ambapo redio haifiki. Utapata habari za saa mbili usiku na utapoteza nyimbo zako. Baada ya kufungiwa kigeuza, jaribu kukipandisha kidude juu kwa kiasi kile kile.

Tuseme sasa yote yamekubali na spika zinaimba. Unadhani umemaliza. Wasukuma tangu karne ya kumi na tisa wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana uwanjani baada ya mavuno, na ushindi ni wa upande unaovuta watazamaji wengi. Uwanjani mtazamaji asiyependa anahamia upande wa pili. Ndani ya Probox yenye abiria saba na debe la dagaa hakuna upande wa pili. Mzee anataka manju wa zamani, kijana anataka singeli, mama wa kuku anataka kwaya, na mmoja nyuma kabisa, ambaye hata nauli hajamaliza, anataka kimya. Kwa hili mwongozo hauna hatua. Ninachokiona kikifanya kazi ni sauti ndogo na dereva kiziwi.

Hukumu yangu, kama unaitaka: kaseti ya waya ndiyo bora kwa mwenye tundu lake, VTR inafuata, na kidude cha FM ni cha sisi tuliobaki. Kigeuza masafa ni cha anayependa taarifa ya habari. Spika ndogo ya Bluetooth iliyowekwa juu ya dashibodi inashinda vyote kwa urahisi, lakini hiyo si kuunganisha redio. Huko ni kuisusia.

Na mwenye ile skrini ya Kijapani yenye ramani, sikiliza vizuri. Baadhi ya redio hizo za Toyota, zikikatiwa umeme wa betri au kadi zake za ramani zikichomolewa, hujifunga na kudai namba ya siri inayotengenezwa kwa redio hiyo peke yake. Hapo hupati nyimbo, hupati redio, unapata maandishi ya Kijapani tu. Kwa hiyo kabla fundi hajalegeza nati ya betri, muulize kama anayo namba ya kuifungulia. Akikujibu "hiyo haina shida, bosi," mshukuru, chukua ufunguo wako, uondoke.