Mwongozo wa Kuingizwa Mkenge na Santuri

Mtu wa kawaida akitaka kutapeliwa huenda mjini. Mpenzi wa muziki hahitaji nauli: anatafuta santuri ya The Daktaris iitwayo Soul Explosion, ya mwaka 1998, anaketi, anaamini jalada lake. Ukiwa na nia hiyo, endelea kusoma.

Kwanza amini kwamba hii ni bendi ya Nigeria ya miaka ya 1970, iliyosahauliwa stoo hadi wasamaria wema walipoifufua. Usijiulize watu wa Lagos walitoa wapi Kiswahili. Wamarekani walikuwa na kipindi cha televisheni kiitwacho Daktari tangu 1966, hadithi ya Afrika Mashariki iliyopigwa picha zaidi California, kwa hiyo mchezo huu una wazee wake.

Nyimbo nazo usizichunguze. Upside Down ni ya Fela Kuti, Mnigeria mwasisi wa Afrobeat. Nyingine ni ya James Brown. Nyingine tena imetoka Addis Ababa, kwa Wallias Band, walioirekodi 1977. Msikilizaji makini angeshangaa bendi hii ya Lagos ilikuwa na masikio marefu kiasi gani. Wewe si msikilizaji makini.

Ukifika kwenye Eltsuhg Ibal Lasiti, waambie wenzako, kwa sauti ya mjuzi, kwamba hicho ni Kiyoruba cha ndani. Ole wako uzisome herufi hizo kuanzia mwisho! Zitakuambia kwa Kiingereza kwamba yote haya ni utapeli mkubwa. Sijapata kuona tapeli mwingine anayetoa risiti.

Wenye risiti ni Gabriel Roth na Philippe Lehman wa lebo ya Desco, New York, pamoja na wanamuziki wa hukohuko. Watu haohao waliwahi kutoa muziki wa filamu ya kung-fu ambayo haikuwahi kutengenezwa.

Sasa hatari yenyewe: muziki ni mtamu. Besi inazunguka kwenye noti chache bila kuchoka, gita linakunwa palepale, tumba zinajibizana na ngoma, na saksofoni ya baritoni inanguruma chini kama lori linalopanda mlima. Sauti imeachwa chafu kwa makusudi. Ukiweza kuisikiliza bila kutikisa bega, kamwone daktari wa kweli.

Wala usikimbilie kusema wamemwibia Fela. Yeye mwenyewe alichota kwa James Brown, na safari yake ya Marekani ya 1969, alipokutana na mwanaharakati Sandra Izsadore, ndiyo iliyomfungua macho kisiasa. Lakini Fela alitia jina lake na anwani yake. Februari 1977 askari walikuja kwenye anwani hiyo, wakaichoma nyumba na kumtupa mama yake dirishani. Mama alifariki mwaka uliofuata. The Daktaris walivaa sura ya Lagos bila kulipa kodi ya Lagos.

Baadhi yao waliivua. Martín Perna alianzisha Antibalas huko Brooklyn mwaka huohuo wa 1998, wakapiga Afrobeat kwa majina yao, na wakakubalika.

Basi inunue Soul Explosion, ucheze. Ila usitoke dukani bila Upside Down ya Fela mwenyewe, anayoimba huyohuyo Sandra, na uanze na hiyo.